Mchana wa Filamu Mutwanga

Juma lililopita tulishuka saba kwenda Mutwanga, kuwatembelea dada zetu wa kikundi cha akiba. Tulikuwa tumeahidi kuwaletea habari za daftari lao na mikopo yao. Daftari liko sawa, mikopo inarudi polepole, na hayo mtayasikia mkutanoni. Leo tunataka kuwasimulia mchana mmoja tulioupitisha mbele ya televizyo, jambo ambalo hatukulipanga.

Tuliondoka Butembo na majaketi yetu ya baridi, na kabla ya saa sita tulikuwa tumeyavua na kuyakalia. Beni tulilala kwa jamaa. Asubuhi tukangoja msafara wa magari unaosindikizwa na askari, maana barabara ya Kasindi imekwisha kula watu wengi na hakuna dereva anayejifanya shujaa. Tulivuka daraja la Semuliki bila mtu kusema neno. Baada ya Bulongo tukaiacha barabara kubwa, tukaelekea mlimani.

Mutwanga iko miguuni pa Ruwenzori kabisa. Ukisimama uwanjani unainua shingo kama mtoto anayemtazama babu yake. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini siku nyingi kimejifunika mawingu, na wenyeji hawajisumbui kukitafuta. Siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, mawingu yalifunguka kidogo. Tuliona theluji nyeupe juu ya migomba na mikakao, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha mlango ukafungwa tena.

Kinachotushangaza sisi wa Butembo ni umeme. Tangu 2013 maji yanayoshuka kutoka mlimani yanazungusha mitambo ya umeme hapa, kazi iliyofanywa na hifadhi ya Virunga, na baadaye kikaongezwa kituo kikubwa zaidi. Kuna kiwanda cha sabuni ya mawese, kuna chokoleti inayotengenezwa kwa kakao ya mashamba haya haya. Sisi wengine tunajua jenereta inayokohoa na petroli inayopanda bei. Wao wanabonyeza ukutani, basi.

Na palipo na umeme, pana filamu. Vijana wana vibanda vyao vya video, wanalipa kidogo, wanatazama mapigano ya Wachina na sinema za Wanigeria, na mtu anayesimulia juu yake kwa Kiswahili cha Tanzania kwa kasi ya mvua ya mawe. Wamama hawaingii mle. Jioni hawatembei hovyo tena, na mchana wako shambani, kama shamba lenyewe bado linafikika.

Siku ile mvua ilitufungia nyumbani kwa mwenyekiti wao tangu saa saba. Tulikuwa kama ishirini, watoto mgongoni, karanga kwenye sinia. Binti mmoja tuliyekuja naye alikuwa na fulashi. Tukamwuliza kuna nini ndani, akajibu: «Kuna filamu inaitwa Makala.» Wakacheka wote. Mama mmoja akasema, «Mwanangu, umetoka Butembo kutuletea makala? Sisi tunanawa makala kila siku!»

Filamu hiyo ilitengenezwa na Mfaransa, Emmanuel Gras, na mwaka 2017 ilipata tuzo kubwa ya Juma la Wahakiki kule Cannes. Lakini si tuzo iliyowanyamazisha wale wamama. Ni lugha. Mtu wa kwanza alipofungua kinywa alisema Kiswahili, si cha msimuliaji, chake mwenyewe, cha Katanga. Maneno mengine yalitupita, tukawa tunaulizana, lakini nyanya wa nyumba ile, ambaye Kifaransa hakijui hata cha kuomba maji, alisogeza kiti chake mbele.

Kisa chake ni kifupi. Kabwita, kijana wa kijiji kimoja upande wa Kolwezi, anakata mti mkubwa kwa shoka. Anaupanga, anaufunika udongo, anauchoma. Anafungasha magunia juu ya kinga yake mpaka kinga haionekani, kisha anaisukuma kwa siku kadhaa mpaka mjini. Anataka pesa za kununua mabati, ajenge nyumba yeye na mkewe Lydie. Hakuna mwizi, hakuna mapenzi ya kupigana, hakuna muujiza. Unamtazama mtu akisukuma. Mlima unakuja, anasukuma. Malori yanampita na vumbi lao. Njiani wenye nguvu wanamtoza chao.

Tulidhani watachoka. Hawakuchoka. Palipofika penye kilima walianza kusema naye: «Weka jiwe nyuma ya gurudumu! Pumzika kidogo, baba!» Mmoja anayeishi karibu na mpaka wa hifadhi akauliza kama kule hakuna walinzi wa pori, maana hapa Mutwanga ukikamatwa na makala ya hifadhi, kilio ni chako. Pale kizuizini, alipotozwa, chumba kizima kiliguna pamoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha Kolwezi. Wamama wanunuzi wanamzunguka, wanavuta bei chini, wanalalamika kwamba gunia halikujaa. Hapo tulikaa kimya kwa namna nyingine, kwa sababu tulijitambua. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza muuza makala ametoka wapi? Mweka hazina wetu, ambaye sokoni hana huruma, alijifanya anamtafuta mtoto wake nje.

Baadaye tulizungumza sana. Mama mmoja alikumbuka filamu nyingine, Virunga, ile ya 2014 iliyofika mpaka kwenye mashindano ya Oscar, inayoonyesha walinzi wa hifadhi na sokwe yatima wa Rumangabo. Alisema aliipenda, alimlilia yule mlinzi anayewalea sokwe kama watoto wake. «Lakini nilipomaliza nilijiuliza, dunia nzima imetazama nchi yetu, imeona sokwe. Mimi na kikapu changu tulikuwa wapi?» Hatukuwa na jibu. Wala hatudhani filamu ile ilikosea, ilikuwa na kazi yake. Ila tulielewa kwa nini Makala iliwashika. Mtu alikaa na kazi ile tangu shoka la kwanza mpaka gunia la mwisho, bila kuharakisha. Mama wa Kinande anayepanda mlima na kuni mgongoni, kamba imemkaza kipaji cha uso, nani amewahi kumtazama saa moja na nusu?

Mmoja wao hakuwa amesema kitu. Tunamwita mama wa watoto wanne, inatosha. Mume wake alitoka na kinga kwenda kuvuna kakao, miaka michache iliyopita, na hakurudi. Mwili haukupatikana. Kilio kilifanywa bila kaburi, na yeye, kama dada zake wanavyosimulia, hakulia. Alipika, alipokea wageni, alikunja mikeka.

Filamu inaishia Kolwezi, usiku, Kabwita yuko kanisani katikati ya watu wanaoomba kwa sauti. Haionyeshi akirudi kwa Lydie. Baadhi yetu tulikasirika. Tukasema huyu Mzungu angetuonyesha basi mlango wa nyumba, mke akitoka, watoto wakikimbia. Wengine wakasema atarudi tu, kwani ataenda wapi?

Yule mama akasema, «Mwacheni. Si mmemwona? Alifika mahali.»

Akamwomba binti arudishe nyuma, si mwisho, bali pale mwanzoni Kabwita anapofunga magunia. Alisogea karibu na kioo. Akatuonyesha kwa kidole jinsi kamba inavyopita chini ya kiti cha kinga na kurudi juu, akasema baba wa watoto alikuwa akifunga hivyo hivyo, na yeye alikuwa akimwambia siku zote kwamba hajakaza vizuri. Akaanza kulia. Si kilio cha kelele. Nyanya alishuka kitini, akakaa naye chini kwenye mkeka, na watoto wakatolewa nje ingawa mvua ilikuwa haijakatika.

Umeme haukukatika. Tulirudisha pale pa kamba mara tatu, kila alipoomba. Kisha mwenyekiti akainuka kwenda kuangalia samaki wa Kyavinyonge jikoni, na wawili wetu tukamfuata kumenya ndizi.

Fulashi tuliiacha kwake.