Nilimrekodi, jina sikuuliza

Wasee, leo sina utani. Kuna kitu kimenikaa rohoni.

Mwezi jana niliposti klipu ya mathe anayeuza samosa chini ya daraja, mvua ikinyesha. Sekunde 19 na muziki wa huzuni. Laiki zikamiminika, watu wakaandika eti nina roho safi. Halafu mmoja akauliza, "Anaitwa nani tumtumie kitu?" Nikakwama. Sikuwa najua. Hata samosa sikuwa nimenunua.

Usiku huo nikakumbuka Mohamed Amin. Jina lake nililisikia darasani kabla niache chuo, nikalisahau. Sasa nikasoma. Alizaliwa Eastleigh, hapa Nairobi, 1943. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, akiwa na Michael Buerk wa BBC. Watu walikuwa wanakufa njaa na dunia imetulia tu. Picha zake zilipoonyeshwa, misaada ikaanza kuingia, na 1985 tamasha la Live Aid likafanyika.

Mwaka wa 1991 akarudi Ethiopia. Ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono bandia, akashika kamera tena, hadi Novemba 1996 ndege aliyopanda ilipotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Mlipuko ule wa Addis ulimuua John Mathai, aliyekuwa akimrekodia sauti. Mo tunamjua. Mathai je? Mimi sikuwa nimewahi kumsikia.

Manze, simu yangu ni nyepesi kuliko kamera aliyobeba Mo. Yeye alirudi hadi Ethiopia. Mimi hata daraja lililo dakika kumi kutoka kwetu sikuwa nimerudi.

Jana nikaenda. Nikanunua samosa tatu, nikakalia kreti, simu mfukoni. Tukapiga stori karibu saa nzima, kisha nikamwonyesha ile klipu. Akacheka.

"Kijana wangu, siku hiyo niliuza zote zikaisha! Mbona umenifanya nikae mtu wa matanga?"

Nilikosa jibu. Klipu nimeifuta. Jina lake sasa nalijua, ila hapa siliandiki, kwa sababu sijamwomba ruhusa.

Na wewe, yule mtu kwa video yako ya mwisho, anaitwa nani?