Kosa la Karani na Choo cha Soko

Habari za choo si habari ambazo mtu mwenye adabu hupenda kuzisimulia mbele ya watu. Tangu utoto tumefundishwa kuzitaja kwa mafumbo: twasema twaenda haja, au twaenda msalani, au hatusemi neno. Walakini wazee walinena kwamba mficha uchi hazai. Kwa hiyo nimeona yafaa niweke haya kando kwa muda mfupi, nieleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa kalamu yangu, ili wengine walio na kalamu kama hiyo wasilirudie.

Mimi ni karani wa serikali katika Kaunti ya Garissa. Kwetu ni upande wa Mwingi, na elimu yangu niliipata katika shule ya sekondari ya misheni, ambako tulifunzwa kuandika hati safi na kufunga hesabu bila kupotea hata senti moja. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mwaka 2021 yalitengenezwa makadirio ya kujenga choo cha watu wote katika soko moja dogo lililo karibu na mto Tana. Jina la soko hilo sitalitaja. Fundi aliyechora ramani alikuwa mtu wa busara. Aliyakumbuka mafuriko ya mwaka 2018, na jinsi maji yaingiapo katika mashimo ya vyoo yakautoa uchafu nje hadi milangoni mwa watu. Basi akaiinua sakafu sentimita 60 juu ya ardhi. Na kwa kuwa sakafu imeinuka, akaandika pia mteremko wa saruji wa kupandia, vyuma vya kushikilia ukutani, na tangi la maji lenye mfereji.

Gharama ikazidi fedha zilizokuwapo, nami nikaambiwa nitafute vitu vya kupunguza. Nilikaa mezani nikaisoma orodha kutoka juu hadi chini. Kuta hazipunguziki, wala mabati, wala milango. Nilipofika kwenye mteremko nikajiuliza, "Watu wa viti vya magurudumu ni wangapi katika soko lile? Mimi sijamwona hata mmoja." Nikaufuta, nikaandika ngazi tatu za saruji. Nikavifuta vyuma. Nikalifuta na tangi, maana mto uko karibu. Hesabu ikatimia, nami nikapewa sifa kwa kazi nzuri.

Mwezi wa Februari mwaka 2022 mama yangu alikuja kunitembelea. Umri wake umepita miaka 60, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri, hivyo hutembea kwa fimbo. Alipanda basi Mwingi, akapita Ukasi na Bangale hadi daraja la Garissa, safari ya kilomita zipatazo 200. Nilipompokea nikamwona midomo imemkauka. Nikamwuliza, "Mama, hukunywa maji njiani?"

Akajibu, "Mwanangu, mwanamke akisafiri hanywi. Akinywa atakwenda wapi?"

Yeyote aliyekaa Garissa mwezi wa Februari anajua jua la huko. Nikamsihi anywe, naye akanywa chupa nzima kwa kuniridhisha. Kisha tukapanda gari kwenda katika soko lile, kwa kuwa siku hizo ndiko nilikokuwa nikikaa. Tulifika jua linakuchwa, naye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba haja imembana.

Nilifurahi, wasomaji, kwa maana nilijua choo kipo. Nikamwongoza kwa majivuno kidogo. Mama akasimama mbele ya zile ngazi tatu, akaitazama ya kwanza, akatafuta mahali pa kushika, asipaone. Nikamsaidia, tukapanda kwa taabu. Mlangoni tukakuta wanaume wawili wakitoka, maana mlango wao na wa wanawake ilitazamana. Ndani hamkuwa na taa, komeo lilikuwa limeng'oka, na sakafu ilikuwa chafu kwa kukosa maji. Mama akarudi nyuma akaniuliza, "Mwanangu, hiki choo walimjengea nani?"

Sikuwa na jibu. Akashuka, akaenda katika kichaka cha mathenge nyuma ya soko, waendako wengi. Mti ule mnaujua, na miiba yake mnaijua. Mwiba mmoja ulipenya kiatu ukamchoma wayo. Mguu ukavimba, na kwa muda wa majuma mawili nilimpeleka zahanati kusafishwa kidonda. Kila nilipoketi kwenye benchi nikingoja, niliiona ile orodha, na mistari niliyoipiga kwa mkono wangu.

Siku moja nikamweleza habari hizi mama mmoja wa Kisomali auzaye maziwa ya ngamia sokoni, mtu mzima niliyemheshimu sana. Akanisikiliza, kisha akasema, "Karani, sisi twatoka nyumbani kabla ya alfajiri, na hatuonji hata chai mpaka turudi. Ulidhani hatuna kiu?" Akaniambia pia kwamba binti yake, aliyepooza miguu, alikuwa hodari wa kuhesabu fedha, lakini hawezi kuja kumsaidia kuuza, kwa sababu hana pa kwenda akishikwa na haja. Ndipo nilipofahamu kwa nini sikuwa nimemwona mtu wa magurudumu katika soko lile. Si kwamba hawapo. Hawaji, kwa sababu hatukuwawekea njia. Nami nikaifanya kutokuja kwao kuwa sababu ya kutowawekea njia!

Tangu hapo nimejifunza mambo kadhaa, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Kwanza ni mteremko. Kanuni itumiwayo na mafundi wengi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda yahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu yetu iliinuka sentimita 60, kwa hiyo mteremko ulihitaji mita 7 na sentimita 20. Mlango nao usipungue upana wa sentimita 80, na ndani pawe na nafasi ya mita moja na nusu ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka.

Pili ni stara na usalama. Mlango wa wanawake uelekee upande mwingine, mbali na wa wanaume. Komeo liwe imara kwa ndani. Na taa iwake usiku. Pawe na pipa lenye kifuniko kwa mahitaji ya wanawake ya kila mwezi. Tena vyoo vya wanawake viwe vingi zaidi. Sphere, kitabu cha kanuni za misaada ya dharura, chashauri vyoo vitatu vya wanawake kwa kimoja cha wanaume.

Tatu ni maji. Katika kaunti yetu hii, ambamo wengi ni Waislamu, choo bila maji si choo, kwa sababu mtu hawezi kujitwaharisha kwa ajili ya sala. Na hata asiye Mwislamu, asiponawa mikono kwa sabuni hubeba ugonjwa hadi kwenye sahani ya watoto wake. Kipindupindu kilichoanza nchini mwezi wa Oktoba 2022 kilifika Garissa na kambi za Dadaab. Na shimo lisichimbwe karibu na kisima. Mafundi hushauri umbali wa mita 30 au zaidi.

Nne ni nzi na harufu. Dawa yake ilipatikana Zimbabwe katika miaka ya 1970, nchi hiyo ilipokuwa bado ikiitwa Rhodesia, kwa kazi ya Bwana Peter Morgan katika maabara ya Blair. Bomba la hewa husimamishwa kutoka shimoni hadi juu ya paa, na mdomo wake hufunikwa kwa wavu. Upepo upitao juu ya bomba huivuta hewa ya shimo, na harufu hupanda nayo. Nzi aliye shimoni hufuata mwanga, na kwa kuwa chumba kina giza, mwanga auonao ni ule wa juu ya bomba. Akifika huko huzuiwa na wavu mpaka afe. Kazi hiyo yote haihitaji mafuta wala umeme.

Tano ni mlinzi. Choo kisicho na mtu wa kukiosha, anayelipwa mshahara wake kwa wakati, huharibika upesi hata kikiwa kizuri namna gani.

Mambo haya si hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango cha kufaa, na katika kifungu cha 54 yampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote penye umma.

Nilikwenda mbele ya wakubwa wangu nikakiri kosa. Mteremko ulijengwa mwaka huo huo wa 2022, na vyuma vikatiwa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokuja, sakafu ya fundi yule ilibaki kavu, ingawa vyoo vya jirani vilifurika. Binti wa muuza maziwa sasa huja sokoni. Tangi la maji bado halijaletwa, nami siachi kuliulizia.

Ewe karani mwenzangu, ukiambiwa upunguze gharama, usiifute kazi ya fundi kabla hujatoka ofisini ukawauliza watakaoitumia. Nanyi wakulima na wafugaji, mkutano wa makadirio ya kaunti ukiitishwa, msiwaachie wanaume peke yao. Waleteni na mama zenu waseme. Mama yangu amepona, ila kovu la wayo lingalipo, na kila ajapo hunionyesha akicheka. Mimi sicheki sana. Hayo ndiyo yangu. Wenye maarifa zaidi na watuongezee.