Chai ya moto na koo la babu

Lekcha ya jana imenigusa. Umio, yaani njia ya chakula, ukiungua hujiponya: seli za tabaka la chini hugawanyika na kuziba kidonda. Ishu ni kuuunguza kila siku. Seli zikigawanyika bila kupumzika, makosa hujazana kwenye vinasaba, na saratani inaweza kuanza kimyakimya. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya saratani ya WHO, ilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 yamkini husababisha saratani hiyo.

Sasa babu yangu kule Moshi chai huinywa ikitoka jikoni, na siku hizi hata ndizi zinamkwama. Nimempigia, nikamwomba tukapime kwa kamera. Shikamoo kaitikia, la kupima kasema atafikiria. Jumamosi napanda basi. Wazee wenu je, wanameza vizuri?