Maua ya Kichuguu

Lubumbashi mvua ya kwanza huja ikiwa imengojewa sana. Oktoba nzima joto linabana na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya masahani, kisha alasiri moja mbingu inafunguka. Siku chache baadaye, katika lupango yetu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko, udongo unapasuka na kinatoka kikonyo kinene chenye madoadoa, bila jani hata moja. Kichwani kina kifundo. Kifundo kikifunguka unaona mpira mwekundu uliojaa vijiua vyembamba. Siku moja nilijaribu kuvihesabu, nikapita mia moja nikaacha. Baada ya wiki moja au mbili rangi imekwisha. Yanabaki majani, nayo yanakufa mvua zikikoma.

Wataalamu wa mimea wanakiita Scadoxus multiflorus. Wazungu wengi wanakihesabu kati ya yungiyungi, ingawa kwa ukoo wake kiko karibu zaidi na kitunguu cha jikoni. Lakini asijaribu mtu kukila: tunguu lake lina sumu, na katika sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kwa sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Nkambo yangu hakusoma hayo popote. Alitukataza tu kugusa chini, juu tuangalie.

Nilipoanza masomo ya tafsiri nilitaka kujua jina lake katika Kiswahili. Neno la Kifaransa ni «lis». Kamusi ilinipa yungiyungi, ambalo kwa watu wengi ni ua la majini, na kichuguu chetu ni mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Katika Biblia, kwenye Wimbo Ulio Bora, kuna nyinyoro. Lakini katika Mathayo, pale Wafaransa walipoandika «lis», mfasiri wa Kiswahili aliweka maua tu akaendelea na safari yake. Namuelewa. Nilimuuliza Mama kuhusu nyinyoro, akacheka, akasema hilo ni neno la watu wa bahari. Nyumbani tunasema «maua ya kichuguu», na ikifika siku yake tunasema «imetoka».

Mwalimu atasahihisha: ua limechanua. Kwa sarufi ana haki, na katika mtihani nitaandika hivyo. Lakini kwa ua hili naona «kutoka» kunasema jambo ambalo «kuchanua» hakusemi. Mti unachanua ukiwa tayari mbele ya macho yako. Hili halikuwapo, miezi mitano au sita ulipita juu yake ukienda kuanika nguo, kisha likatoka ardhini kama mtu anavyotoka chumbani.

Kutoonekana huko ndiko kulikotuletea matatizo. Kila mkaaji wa mji huu anajua kwamba udongo wa kichuguu ndio unaofaa kwa matofali: unashikana vizuri, na ukichomwa haupasuki ovyo. Mwaka juzi Mama aliamua kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Hesabu yake ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Nilipotaja maua hakukasirika. Aliendelea kuchambua mchele, akaniuliza:

– Mwanangu, hii maua itakulipia minervali?

Nilinyamaza. Nkambo alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Yeye ndiye aliyekataa kichuguu kisivunjwe wakati nyumba ilipojengwa, na sasa hapakuwa na mkubwa mwingine wa kukisemea. Mimi mwenyewe nilikuwa natumwa kila muhula na idara ya fedha kutafuta kiasi kilichobaki. Kutetea ua mbele ya mama anayekulipia masomo si kazi rahisi, hasa ua lisilo na jina la kutosha hata kuliombea.

Wachoma matofali hufanya kazi kiangazi, wakati wa jua, na kiangazi maua haya yamelala. Basi mwezi wa nne, majani yakiwa bado ya kijani, nilipita na vijiti nikachomeka kimoja kando ya kila shina. Vilikuwa kumi na tisa. Mama aliniona, hakusema kitu. Juni, siku moja kabla ya vijana wa matofali kufika, nilikuta ameleta jembe la Nkambo, lile la mpini mfupi, ameliegemeza kwenye kichuguu. Tulichimba pamoja mpaka jioni. Matunguu mengine yalikuwa chini kuliko nilivyodhani, na mawili tuliyakata.

Leo vyumba viwili vimesimama, na wapangaji wanalipa, si kila mara kwa tarehe. Kichuguu kimebaki nusu. Matunguu kumi na saba tuliyazika kando ya ukuta wa jiko, mahali maji ya paa yanapodondokea. Mvua za mwaka jana zilileta majani tu. Mmea huu hauvumilii sana kusumbuliwa mizizi. Mwaka huu vimetoka vikonyo vitatu. Mtoto wa mpangaji alikimbia kuniita, akaniuliza ile nyekundu inaitwa nini. Nilimwambia yote mawili, la nyumbani na la kitabuni. Amechukua nyinyoro, anaiimba uwanjani kutwa nzima, na Mama anamsahihisha.