Sigara inapungua duniani, na kwetu je?



Sisi walimu wa kujitolea wa darasa la watu wazima, mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya sigara. Hatuji kumgombeza mzee yeyote.

Wengi tunadhani uvutaji unazidi tu kila mwaka. Hapana. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2000 mtu mzima 1 kati ya 3 duniani alikuwa anatumia tumbaku. Mwaka 2022 alikuwa 1 kati ya 5. Hapa Rwanda, uchunguzi wa 2012 na 2013 ulikuta wavutaji karibu 13 kwa watu wazima 100. Ule wa 2022 ukakuta karibu 7.

Ilipunguaje? Katika nchi nyingi kodi ilipandisha bei, matangazo yakakatazwa, watu wakaelezwa ukweli. Rwanda ilitoa sheria mwaka 2013: hakuna kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18. Basi tusimtume mtoto dukani, hata kama ni sigara ya baba.

Lakini sisi tuliovuka mpaka na kufika huku Rusizi na vifurushi tu, tuna sababu zetu. Kazi hakuna, mawazo ni mengi, na sigara inauzwa moja moja. Mtu anasema inamtuliza. Kweli inatuliza kidogo, kwa sababu mwili umeshazoea nikotini. Ikiisha, mwili unaomba tena, na mawazo yako palepale.

Darasani tulifanya hesabu. Sigara 2 kwa siku, kwa siku 30, ni sigara 60, yaani pakiti 3 nzima. Kila mmoja aweke bei anayoijua. Sisi tuliona pale sabuni, chumvi na madaftari ya watoto.

Tena nyumba zetu ni ndogo na zimebanana. Moshi wa mtu mmoja unavutwa na watoto wote, na cheche moja inaweza kuchoma mstari mzima.

Kwa hiyo tunaomba: anayeweza kuacha, aache. Asiyeweza leo, avutie nje, mbali na watoto, na azime vizuri. Kaa mwaka mmoja bila sigara, na hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara inapungua karibu nusu. Ukishindwa peke yako, ongea na muuguzi, si aibu. Na jamaa tusimcheke anayejaribu mara ya pili au ya tatu.