Mchicha Wetu wa Kwenye Ndoo

Hivi msomaji wangu, ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa nusu saa nzima mkipiga stori, bila TV, bila simu, na bila kuulizana habari za kodi ya nyumba? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe kimoyomoyo. Wengi wetu tunaofanya kazi mjini tunatoka alfajiri, tunarudi usiku tumechoka hoi, tunakula, tunalala. Mnalala kitanda kimoja lakini mnaishi kama wapangaji wawili mnaochangia luku.

Leo sikuletei darasa la mapenzi. Nataka kukupa habari za mchicha, bamia na matembele, mboga zile zile unazonunua gengeni kila siku. Nyumbani kwetu mboga hizo zimefanya kazi ambayo zawadi na mitoko haikuweza kuifanya.

Ndoo iliyopasuka

Tunaishi Kimara, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga. Wakati huo tulikuwa na vyumba viwili, sebule, na nyuma kauwanja kembamba kama hatua nne kwa sita, kamebanwa na ukuta. Palikuwa pa kuanikia nguo tu.

Mwaka 2022 mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha na haukuongezwa. Ofisi yao ilipunguza watu, naye akawa mmojawapo. Sasa fikiria mwanaume aliyezoea kuamka saa 11 alfajiri, anapiga pasi shati lake, anatoka. Ghafla anabaki nyumbani, na mkewe ndiye anayetoka. Hakuwa mkali, hakuanza kulewa, hakunisema vibaya. Alinyamaza tu. Nikirudi jioni namkuta pale pale nilipomwacha, rimoti mkononi.

"Umeshindaje, mume wangu?"

"Salama."

Basi, maongezi ya siku nzima yameisha.

Mashoga zangu walikuwa na ushauri tele. Mmoja akasema mpeleke ufukweni wikiendi, mwingine akasema mnunulie nguo mpya ajisikie vizuri. Jamani, pesa yenyewe iko wapi? Mshahara ni mmoja, na kodi ya miezi 6 inasubiri. Na zaidi ya pesa, mimi nilikuwa naogopa. Ukimya una tabia ya kuhamia ndani ya nyumba kama mgeni, halafu hauagi.

Mkombozi wetu alikuwa bibi wa nyumba ya pili. Jumamosi moja alinikuta nje nikitoa ndoo 2 za rangi zilizopasuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizo ndoo unazitupa? Ndoo iliyopasuka haitunzi maji, lakini mboga inatunza."

Akaingia ndani, akarudi na mbegu za mchicha kazifunga kwenye kipande cha gazeti. Nikanyoosha mkono kupokea, akaurudisha wake. "Sikupi wewe. Muite mumeo. Mtu anayetoka asubuhi na kurudi usiku hawezi kulea mchicha."

Mume wangu akatoka, akazipokea kwa mikono miwili, akaitikia "asante bibi." Nilidhani zitaishia kwenye kabati. Siku ya 4 narudi kazini, namkuta amesimama mlangoni. Hajaniuliza nimeshindaje, hajapokea mkoba. "Njoo uone," akasema.

Kulikuwa na vijani vidogo vyekundu, vyembamba kama uzi, vimetoboa udongo. Tukachutama pale sote wawili kama watoto.

Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka

Kuanzia siku hiyo tukawa na nusu saa yetu. Mimi nikirudi, sivui hata viatu vya kazini, napitiliza nyuma. Yeye anamwagilia, mimi nachuma majani makavu. Mwanzoni tulizungumzia mchicha tu. Huu umerefuka, ule umeliwa na nini. Lakini maongezi ni kama maji ya bomba, yakianza kutoka hata kidogo, yanavuta mengine.

Ngoja nikupe siri niliyoiona kwa macho yangu. Wanaume wengi ukiwakalisha kwenye kochi ukawaambia "tuongee", wanajifunga. Ila wape kitu cha kushika, waangalie kitu kingine badala ya kuangaliana na wewe, utasikia mengi. Jioni moja, kama wiki 2 baada ya kupanda, mume wangu alikuwa ameinama anapunguza miche iliyobanana. Bila kunitazama akasema, "Unajua kinachonimaliza si kukosa kazi. Ni kukuomba nauli ya kwenda kutafuta hiyo kazi."

Moyo ulinipasuka, lakini sikuacha kuchuma majani. Nilihisi nikisimama nikamkumbatia, mlango ule utajifunga tena. Tukaendelea na kazi yetu mpaka giza likaingia.

Kesho yake nikachukua kopo la mbegu, nikaliweka dirishani. Humo nikawa naweka chenji, na wiki ambazo hatukununua mboga gengeni, hela ya mboga nayo inaingia humo humo. Sikusema ni ya nini, naye hakuuliza. Akihitaji nauli anachukua. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa. Ilikuwa hela ya bustani, na bustani ilikuwa yake.

Usije ukanielewa vibaya. Mchicha haukumpa mume wangu kazi. Kazi aliipata baada ya miezi 9, kwa kuzunguka na bahasha yake juani. Ila katika miezi hiyo 9 nyumba yetu haikuwa kimya, na nina uhakika hiyo ndiyo iliyotuvusha.

Wazazi wetu walishatangulia

Kuna vijana wanaona kulima mjini ni ushamba. Waulize wazee. Mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo, na miaka miwili mitatu baadaye, njaa ilipobisha hodi, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Miaka ya 1980 ndiyo usiseme. Mshahara haukufikisha mwezi, na hata watumishi wakubwa wa serikali walikuwa na matuta ya mboga na ng'ombe nyuma ya nyumba zao za Oysterbay. Kwa hiyo wewe ukipanda bamia kwenye ndoo, unaendeleza ya wakubwa.

Na kuna sababu nyingine ya kujipandia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakakuta ndani yake metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu. Metali hizo haziondoki kwa kuosha mboga kwenye sinki. Mboga ya kwenye ndoo yako unajua imekunywa maji gani.

Sasa tuingie kazini

*Chombo.* Ndoo ya lita 20, beseni kuukuu au kiroba cha unga, vyote vinafaa, mradi hakikuwahi kubeba dawa wala kemikali. Toboa matundu 5 au 6 chini, kisha kiweke juu ya matofali ili maji yapite. Mmea ukikaa kwenye tope, mizizi inaoza.

*Udongo.* Udongo wa Dar sehemu nyingi ni kichanga, hautunzi maji. Changanya ndoo 2 za udongo na ndoo 1 ya samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka tena. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga usitupe. Yafukie pembeni yaoze, utayatumia baadaye.

*Mchicha.* Huu ndio wa kuanzia, hauna maringo. Mbegu zake ni ndogo sana, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo unyunyize, usije ukazimwaga zote mahali pamoja. Funika na udongo kiduchu. Wiki 3 hadi 4 unakula. Badala ya kung'oa, kata juu ukiacha shina lenye majani machache, utachipua tena.

*Matembele.* Huhitaji mbegu. Omba kwa jirani kipande cha shina chenye vifundo 4, fukia viwili, acha viwili juu. Baada ya mwezi mmoja hivi unaanza kuchuma, na ukiyachuma ndiyo kwanza yanatanda.

*Bamia.* Loweka mbegu usiku kucha kabla ya kupanda, na ndoo moja mche mmoja. Inataka jua la kutosha. Kama siku 50 hadi 60 unaanza kuvuna. Chuma kila baada ya siku 2, zikiwa changa. Ukisahau wiki moja utakuta zimekuwa ngumu kama kijiti.

*Maji.* Mwagilia asubuhi mapema au jioni, siyo jua la utosi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, subiri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kazi yako ni kinyume chake. Hakikisha hakuna maji yanayotuama kwenye visahani, maana hapo ndipo mbu wanapozaliana, na homa ya dengu Dar tunaijua.

*Wadudu.* Geuza jani la bamia uangalie chini yake. Ukikuta vidudu vidogo vimejazana, hao ni wadudu mafuta. Koroga sabuni ya kipande kidogo kwenye maji, wanyunyizie jioni. Wakizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku mmoja, chuja, nyunyizia. Na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika, maana uchungu wa mwarobaini hauna mchezo.

Raha zake

Raha za bustani hazina kelele. Kuna ile ya kuweka sufuria jikoni kwanza, ndipo unatoka kwenda kuchuma mboga. Ndani ya dakika 10 mchicha uko kwenye nazi, na ladha yake ni nyingine kabisa. Kuna mrehani tulioupanda karibu na dirisha la chumbani, upepo wa usiku ukipita chumba kizima kinanukia kama nyumba ya harusi. Manukato gani yatafikia hapo? Kuna chai ya mchaichai ya Jumapili asubuhi, mmekaa kwenye mkeka, hamna pa kukimbilia. Kuna raha ya kutokwenda kwa watu mikono mitupu. Bibi yetu wa nyumba ya pili tulikuwa tukimpelekea fungu la kwanza la kila mvuno, naye kila mara analigeuzageuza kama mkaguzi kisha anasema, "Mbona fupi?" Halafu anacheka.

Na kwa sisi wapangaji kuna raha moja zaidi. Mwaka 2024 mwenye nyumba alitaka nyumba yake, tukapewa miezi 3. Zamani notisi ingenikosesha usingizi. Safari hii tulikodi kirikuu, magodoro na vyombo nyuma, na ndoo 14 za mboga zikapangwa kwa heshima zote. Bamia kubwa aliipakata mume wangu mbele, kama bwana harusi kashika maua. Wapangaji hatuna kiwanja bado, lakini bustani tunayo, na hakuna anayeweza kutupa notisi ya hiyo.

Masharti yetu matatu

Kwa wapenzi mnaotaka kujaribu, sisi tuna masharti 3. Kwanza, simu zinabaki ndani. Pili, kwenye bustani hatuzungumzii madeni. Tutayakuta sebuleni, hayaendi popote. Tatu, kila mtu ana ndoo zake na hakuna kusimamiana. Mimi nina mrehani, nyanya na pilipili, yeye ana mchicha, bamia na matembele. Mmea wa mwenzako ukinyauka unamwambia mara moja, kwa upole, basi.

Na kama uko peke yako, hujapata mwenzi, usisubiri. Jirani wapo, na mbegu ni mwanzo mzuri wa salamu.

Kwa hiyo leo ukitoka kazini pitia duka la pembejeo, au mwulize mama muuza mboga akugawie mbegu. Tafuta ndoo, itoboe, mwachie mwenzako apande. Siku ya 4 mchicha utakapotoboa udongo, usiende kuuangalia peke yako. Muite.