Spika za Mjomba

Wanafunzi wenzangu, nanyi mliokwisha kumaliza hapa, wengi wenu mmepata kwenda arusini Buyenzi, mjini Bujumbura. Je, mmepata kujiuliza zile spika kubwa hufikaje salama? Mimi najua, kwa kuwa nilipata kuharibu moja.

Mjomba wangu hukodisha vyombo vya muziki, na karo yangu hutoka katika kazi hiyo. Likizo moja alinichukua Kigoma kupokea spika mbili alizonunua Dar es Salaam. Zilikuwa zimesafiri kwa reli kilomita zipatazo 1,250, ndani ya masanduku ya mbao, salama salimini. Mjomba akazifungua kuzijaribu, kisha akaniachia kazi ya kuzifunga tena, mwenyewe akaenda forodhani.

Spika ina koni ya karatasi nyepesi mbele, na sumaku nzito nyuma. Katika sumaku mna mwanya mwembamba, na ndani yake hucheza koili ya waya. Sanduku likigongwa kwa nguvu, uzito wa sumaku huvuta fremu. Mwanya ukihama kidogo tu, koili hukwaruza. Kwa hiyo Mjomba aliniagiza niweke ubao mbele ya koni, blanketi pande zote, na sponji kila penye nafasi, hata kitu kisitikisike. Spika ya kwanza niliifunga hivyo. Ya pili niliifunga mbiombio, maana jua lilikuwa kali nami nilitaka kwenda kuoga ziwani. Nikaacha nafasi chini, nikapigilia misumari.

Usiku ule ziwa Tanganyika lilichafuka. Tulipofika nyumbani spika moja iliimba vizuri. Ya pili ilikoroma kama mzee mwenye mafua. Mjomba akawalaumu wachukuzi wa bandarini, nami nikanyamaza. Kwa siku tatu alikuwa akiwataja kwa ubaya watu wasio na kosa, na chakula hakikunipita kooni. Siku ya nne nikamwendea.

"Mjomba, si wachukuzi. Ni mimi."

Akanitazama kitambo. "Spika hutengenezwa, mwanangu. Twende kwanza bandarini."

Tukaenda, naye akawaomba radhi mbele yangu. Aibu ile sitaisahau.

Baadaye nilisoma habari za meli Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikakongolewa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Kigoma kuundwa tena. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Mafundi wale hawakujua ni nani atakayefaidi kazi yao, lakini hawakuifanya mbiombio.

Basi wenzangu, ukifunga mzigo, ufunge kana kwamba wewe ndiwe utakayeufungua. Haraka haraka haina baraka.